Mcheza kwao hutunzwa, hata akirudi amefungwa

Kila mwaka masika yakishakatika, shule za sekondari nchini huingia kwenye michezo ya UMISSETA. Mashindano huanzia shuleni kwenyewe, yakapanda hadi kata, wilaya, mkoa na mwisho taifa. Magazeti huandika zaidi habari za ngazi ya mwisho. Lakini wachezaji wengi huishia ngazi za chini, na huko ndiko familia nyingi zinakoguswa, kwa sababu ndiko watoto wengi wanakofungwa na kurudi nyumbani jioni hiyo hiyo.

Chukua mfano wa wasichana wa mpira wa wavu wa shule ya kata pande za Kisanga, wilayani Kilosa. Kiwanja chao ni cha udongo na mistari imechorwa kwa majivu. Wavu ukichanika, hufungwa kamba ya katani kati ya nguzo mbili, jambo lisilo gumu katika wilaya iliyojulikana kwa mashamba ya mkonge. Mpira ni mmoja, ukizidi miwili. Mazoezi ni baada ya vipindi, na baadhi ya wachezaji huondoka mapema kwa sababu kwao ni mbali na kuna maji ya kuteka kabla giza halijaingia.

Siku ya mashindano wanapangiwa shule ya bweni. Wasichana wa huko hukimbia alfajiri, hurudi uwanjani jioni, wana mipira ya kumtosha kila mmoja, na mwalimu wao amesomea michezo. Matokeo anaweza kuyakisia hata asiyekuwapo: 25–9, 25–12, 25–14. Seti tatu kwa sifuri.

Kwa nini walifungwa, hilo halina fumbo. La kujiuliza kwa mzazi ni kitu gani kinawasubiri nyumbani.

Mchezo usio na pa kujificha

Katika soka, beki aliyelemewa anaweza kukaa dakika kadhaa bila kuguswa na mpira. Mpira wa wavu hauna nafasi hiyo. Uwanja una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9, na kila upande husimama wachezaji sita. Mpira haushikwi wala haubebwi, na timu ina miguso mitatu tu kabla ya kuurudisha ng'ambo. Kila timu inapowapokonya wapinzani haki ya kuanzisha mpira, wachezaji wake huzunguka nafasi moja. Kwa hiyo aliye mfupi atafika mbele kwenye wavu, na aliye mrefu atarudi nyuma kupokea.

Timu hodari inalijua hilo. Dakika chache tu baada ya filimbi huwa imekwisha kumtambua ni nani upande wa pili anayepokea mpira kwa mikono iliyolegea, na kuanzia hapo mipira yote huelekezwa kwake. Anakosa wa kwanza, unamfuata wa pili. Ukifika wa sita, mikono imekufa ganzi na macho yanamtafuta mwalimu. Mwalimu anaruhusiwa kuomba mapumziko mawili ya sekunde 30 katika kila seti, na kubadilisha wachezaji mara sita. Akishayamaliza hayo, msichana yule hana wa kumficha.

Mzazi asiyeujua mchezo huu haelewi kwa nini binti amekataa chakula cha usiku. Anadhani ni uchovu wa safari. Kumbe mtoto alichaguliwa na wapinzani mbele ya shule nzima, pointi baada ya pointi, na wenzake watano walimtazama.

Lakini mchezo huo huo una huruma yake. Hauna saa. Aliye nyuma 24–15 bado hajafungwa mpaka pointi ya mwisho ipatikane. Na seti ikiisha, aibu yake inaisha nayo, maana inayofuata huanza sifuri kwa sifuri. Timu iliyopata pointi 9 katika seti ya kwanza na 14 katika ya tatu imefungwa zote, ila kuna kitu imejifunza katikati. Pengine wamejua kusogea nyuma hatua mbili. Pengine yule aliyekuwa akiandamwa amejifunza kukunja magoti na kunyoosha mikono. Mwalimu ameyaona hayo. Mzazi aliyesikia tu "tatu bila" hawezi kuyajua mpaka aulize.

Wanaotazama pembeni

Kuna jambo jingine ambalo familia nyingi hazilijui. Katika UMISSETA, kadiri mashindano yanavyopanda, timu huacha kuwa za shule. Wilaya huunda timu yake kwa wachezaji waliochaguliwa kutoka shule mbalimbali, mkoa nao hufanya hivyo kwa wilaya zake. Timu ya shule ikifungwa, safari ya mchezaji mmoja mmoja si lazima iishie hapo.

Walimu wanaochagua hawajifunzi mengi kwa kumtazama msichana akicheza na timu dhaifu. Wanataka kumwona anafanya nini mpira unapomjia kwa nguvu ambayo hajawahi kukutana nayo. Anaukimbia? Anawalaumu wenzake? Au anakosa, anajifuta vumbi mikononi, na kurudi kwenye nafasi yake tayari kwa mwingine? Mara nyingi jina linaloandikwa kwenye daftari ni la huyo wa mwisho, hata kama timu yake imeaga mashindano. Mzazi anayemwambia mwanawe asiende kwa kuwa "mtafungwa tu" humwondoa kwenye mchezo ambao ungemwonyesha.

Anayepanda zaidi hukutana na makubwa zaidi. Mashindano ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, yaani FEASSSA, yalifanyika Arusha mwaka 2019 na tena mwaka 2022. Huko timu za Tanzania hukutana na shule za Kenya kama Kwanthanze ya Kaunti ya Machakos, ambayo imewahi kuwa bingwa wa ukanda huu katika wavu wa wasichana. Ni shule ya sekondari kama nyingine, ila wavu umekuwa sehemu ya maisha yake, na wazazi wa huko wanaelewa binti anaposema amechelewa mazoezini.

Na mabingwa nao wana wakubwa wao. Timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, Malkia Strikers, imetwaa ubingwa wa Afrika mara nyingi kuliko nchi nyingine yoyote. Mwaka 2023 mjini Yaoundé waliifunga Misri katika fainali. Mwaka uliofuata walikwenda kwenye Olimpiki ya Paris wakapangwa na Brazil, Poland na Japani. Walicheza michezo mitatu na kufungwa yote mitatu, kila mmoja seti tatu kwa sifuri. Wamefika Olimpiki mara nne, Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo na Paris, na hawajashinda hata mchezo mmoja huko. Hakuna Mkenya mwenye akili zake anayesema wangebaki nyumbani. Hao ndio malkia wa bara zima, na kila baada ya muda hukubali kwenda mahali ambako watakuwa wadogo.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo husemwa sana kwa aliyefungwa, ili atulie. Ingefaa isemwe pia kwa mzazi wake.

Juni ina wenyewe wengi

Ili kumwelewa mzazi, ni vizuri kukumbuka naye alisoma lini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali iliisimamisha michezo hii ya shule, ikaja kurejeshwa baada ya miaka kadhaa. Shule nyingi za kata zilijengwa chini ya mpango wa MMES ulioanza mwaka 2004, nyingine zikianza na madarasa mawili na ofisi, bila hata uwanja. Baadhi ya akina baba na mama wenye watoto sekondari leo ndio waliopita shuleni katika miaka hiyo. Hawakuwahi kupanda gari la timu. Hawana kumbukumbu ya kufungwa wilayani wakarudi wakiimba njia nzima. Mtoto anapoleta karatasi ya ruhusa, wanaona gharama na hatari tu, kwa kuwa furaha yake hawakuionja.

Tena mwezi wenyewe ni mgumu. Katikati ya mwaka ni wakati wa mavuno, na kila mkono nyumbani una kazi. Katika jamii za Kilosa, Wasagara, Wavidunda na Wakaguru, baada ya mavuno ndipo ngoma za wali hupangwa. Familia huwa imeshaweka akiba ya mahindi, imeshaalika ndugu, na shangazi wameshajua zamu zao. Na kwa kuwa ukoo huko hufuatwa upande wa mama, ruhusa ya binti haiishii kwa baba pekee. Mjomba naye ana neno, na wakati mwingine neno lake ndilo la mwisho. Mwalimu wa michezo anayemwandikia barua baba peke yake anaweza kujikuta amebisha hodi mlango usio na ufunguo.

Lakini ngoma hizo hizo zina somo. Mtu akicheza kwao, watu wa nyumbani hutoka kumtunza. Mwingine humbandika noti, mwingine humfunga kanga, bibi hupiga vigelegele mpaka sauti ikauke. Ndiyo maana ikasemwa mcheza kwao hutunzwa. Hakuna anayesubiri kwanza kujua kama amewashinda wachezaji wa kijiji cha jirani. Anatunzwa kwa sababu ni wao, amejitokeza mbele za watu, na amejitahidi.

Desturi hiyo haijafika kwenye kiwanja cha wavu. Binti yule yule aliyetunzwa kwenye ngoma anarudi kutoka kwenye mashindano, amesimama mbele ya mpinzani aliyemzidi kila kitu, na anachokuta uani ni swali moja: "Mmeshinda?" Akisema hapana, mazungumzo yameisha. Akikuta na vyombo vinamsubiri, ujumbe umefika.

Ruhusa na maswali yake

Haitakuwa haki kumcheka mzazi anayesita. Hofu zake nyingi ni za kweli. Binti analala nje ya nyumbani na anasafiri kwenye gari ambalo mzazi hajaliona. Anachanganyika na watu wengi ambao hakuna anayewajua. Mzazi anayeuliza maswali anafanya kazi yake, ilimradi aulize yanayojibika.

Ni mwalimu gani wa kike anayefuatana nao, na atalala wapi yeye na wasichana wapi? Gari ni la nani, na litarudi saa ngapi? Namba ya simu ya kumpata usiku ni ipi? Chakula kinatolewa na nani, na nyumbani inatakiwa ichangie nini? Shule yenye majibu ya maswali hayo huyatoa bila kukasirika. Isiyo na majibu, mzazi ana haki ya kusubiri mpaka yapatikane. Vizuri zaidi wazazi kadhaa waende pamoja na mjomba mmoja au wawili, wakae na mwalimu mapema kabla ya msimu, kuliko kila mmoja kukataa kivyake usiku wa kuamkia safari.

Kuna mahitaji madogo ambayo hukwamisha safari kubwa. Taulo za kike ni mojawapo, na baba hana sababu ya kujifanya hajui. Msichana asiye nazo hatasema. Atasema tumbo linamuuma, na nafasi yake itachukuliwa na mwingine. Chandarua cha kulalia ni kingine, maana malaria haijui kama mtu yuko mashindanoni. Mavazi nayo huzua ubishi. Familia isiyopenda bukta fupi inaweza kuzungumza na mwalimu kuhusu suruali ya michezo au hijabu. Vazi la kustahi halimzuii mtu kuruka, na timu nyingi duniani zina wachezaji wanaovaa hivyo.

Akirudi na kidole kilichoteguka, kisivutwe wala kuchuliwa kwa mafuta ya moto. Kiwekwe maji baridi, kifungwe na chenzake cha jirani ili kitulie. Kikionekana kimepinda, au uvimbe usipopungua kesho yake, aende zahanati.

Na masomo je? Mitihani ya taifa ya kidato cha pili na cha nne huja mwishoni mwa mwaka, miezi kadhaa baada ya UMISSETA. Muda wa kufidia vipindi vilivyokosekana upo, mradi upangwe. Mzazi anaweza kuweka sharti kwamba daftari za wiki ya mashindano zinakiliwe kutoka kwa mwenzake kabla ya mazoezi kuanza tena. Sharti la namna hiyo hulindwa na mtoto mwenyewe, kwa sababu linamlindia kitu anachokipenda. Kumnyima mchezo kama adhabu ya alama mbaya za hisabati hakujawahi kumfundisha mtu hisabati.

Maneno ya jioni ile

Turudi kwa msichana aliyeandamwa na mipira sita. Atakapofika, kitu cha kwanza ni maji ya kuoga na chakula. Maswali yasubiri. Mtu aliyefungwa huongea akishiba, na mara nyingi huongea akiwa anafanya jambo lingine, anapukuchua mahindi au anachambua mboga na mama yake.

Wakati huo ukifika, yapo maswali yanayofungua mdomo. Nani alikuwa hodari kwao, na anafanyaje? Seti ya tatu mlipata nyingi kuliko ya kwanza, mlibadilisha nini? Mpira wao unakuja juu au chini? Mtoto akianza kueleza kwa mikono, akisimama kuonyesha jinsi yule msichana mrefu wa bweni alivyokuwa akiruka, mzazi ajue kwamba sehemu kubwa ya kidonda imeshapona. Anaanza kumheshimu aliyemfunga, na anayemheshimu mpinzani wake huanza kujifunza kutoka kwake.

Yapo pia maneno ya kuepuka. "Si nilikwambia" ni la kwanza. "Mwalimu wenu hajui kufundisha" ni la pili, kwa sababu kesho binti atakwenda uwanjani kwa mwalimu yule yule akiwa ameshamdharau. La tatu huonekana la huruma, nalo ni "wale wamependelewa tu". Inaweza kuwa kweli kwamba wana mipira mingi na kiwanja kizuri. Hilo ni la kupeleka kwenye kikao cha wazazi, ili shule ipate hata mipira mitatu zaidi. Mtoto akipewa kama maelezo ya kila kitu, hatasogea hata hatua zile mbili za nyuma ambazo angeweza kusogea bila fedha yoyote.

Kaka zake nao waambiwe. Mzaha wa ndugu wa kiume mbele ya moto wa jioni umewaondoa wasichana wengi mchezoni kuliko wapinzani wa shule za bweni. Ndugu huyo apewe kazi: asimame na dada yake uani kila jioni, amrushie mipira hamsini, yeye aipokee. Hata mpira wa matambara unafaa kwa kufundisha magoti na mikono. Baada ya wiki mbili mzaha utakuwa umekwisha, maana naye atakuwa ameonja jinsi ilivyo vigumu.

Wakubwa nao wasiogope kuingia. William Morgan, mwalimu wa michezo wa YMCA huko Holyoke, Marekani, alipouanzisha mchezo huu mwaka 1895, aliwafikiria watu wazima wenye kazi zao, ambao mpira wa kikapu ulikuwa na purukushani nyingi kwao. Mchezo huu tangu mwanzo ulikuwa wa akina baba wenye matumbo. Kamba moja kati ya miembe miwili Jumapili mchana inatosha kumwonyesha mzazi kile ambacho binti yake hukabiliana nacho. Akijaribu kupokea mpira mmoja uliopigwa kwa nguvu, hatauliza tena kwa nini mikono ya mtoto ina wekundu mpaka kwenye viwiko.

Michezo ya ngazi ya kata haina tiketi. Inachezwa mchana, kwa umbali ambao wengi wanaweza kutembea au kupanda bodaboda, na mara nyingi pembeni ya uwanja kuna wanafunzi tu na mwalimu mwenye filimbi. Wazazi wanne wakiwa wamesimama pale, mjomba mmoja akiwa na kofia yake na bibi mmoja mwenye vigelegele, timu ya shule ya kata bado inaweza kufungwa tatu bila. Ila mpira wa sita utakapomjia yule msichana, atausikia upande wa kwao ukilitaja jina lake.